Amuatut

"Nani amemkata nyuki wangu miguu?"

Swali hilo liliulizwa kwa sauti ya juu mbele ya lango la uwanja wa mpira, siku ya mechi, saa nane mchana, jua kali, watu wanasukumana na mavuvuzela yanalia. Muulizaji alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyevaa gauni la njano na raba nyeupe, na kwenye nywele amechomeka penseli mbili. Ndiyo maana watu walimwita Penseli. Jina lake halisi mama yake alilijua, sisi wengine hatukuwa na haja nalo.

Aliyeulizwa alikuwa ameinama kwenye boksi anatoa fulana na kuzipanga mezani. Akainuka taratibu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, aproni ya bluu yenye madoa ya rangi, na mikono yenye alama ndogondogo za kuungua.

"Nyuki yupi, dada?"

"Huyu hapa!" Penseli aliinyanyua fulana na kuikung'uta mbele ya uso wake. "Mimi ndiye niliyechora nembo hii ya timu ya Nyuki. Nilimpa miguu sita. Hapa ana minne. Miwili imekwenda wapi, likizo?"

"Nimeitoa mimi."

"Wewe kama nani?"

"Mimi ndiye ninayempiga pasi."

Watu wawili watatu waliokuwa wanachagua fulana waliacha kuchagua. Ugomvi wa bure nani asiyeupenda?

"Sikiliza," kijana akasema bila kupandisha sauti, "miguu yako myembamba mno."

"Miguu yangu?!"

"Ya nyuki! Miguu ya nyuki. Mstari mwembamba haushiki kwenye kitambaa. Ukifua mara mbili unabanduka. Ile minne nimeinenepesha, ile miwili ilikuwa imebanana, ingeungana ikawa doa. Bora nyuki kilema kuliko nyuki anayechunika."

Penseli alifungua mdomo amtukane. Akaitazama fulana. Akapitisha kidole juu ya mchoro. Ulikuwa laini, umeshika, umekaa kama umezaliwa na kitambaa. Akafunga mdomo.

"Ungenipigia simu," akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Namba yako ningeitoa wapi?"

"Sasa si niko hapa?"

Kijana akacheka, akafuta mkono kwenye aproni na kutoa simu mfukoni. Watu waliokuwa wanangojea ngumi waliondoka wamevunjika moyo. Mimi nasema walikosa kuona jambo kubwa kuliko ngumi.

Basi ndivyo walivyoanza. Yule kijana watu walimwita Pasi, kwa sababu ya ile mashine yake ya joto inayobana mchoro kwenye kitambaa, na pia kwa sababu alikuwa mtu wa kunyooka, asiye na makunyanzi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu: mashine, kompyuta, rafu za fulana kwa saizi, feni inayolalamika. Penseli alikuwa akija na kompyuta yake begani, hakai. Atasimama mlangoni, ataegemea meza, atakaa juu ya boksi dakika mbili, atanyanyuka, atapanga upya rafu ambayo haikumwomba chochote.

"Kaa basi, mpenzi, unanizungusha kichwa," Pasi alikuwa akimwambia.

"Nikikaa akili inalala."

"Na ikilala si ndiyo itapumzika?"

"Itapumzika nikifa. Hebu angalia hii kofia. Nyuki anatazama mbele, mbawa zimefunguka, hana upande. Ukimkunja katikati, kulia na kushoto ni sawasawa."

"Safi. Na miguu?"

"Minene. Umefurahi sasa, mzee wa miguu?"

Simu ndiyo usiseme. Saa nne asubuhi inalia: "Laazizi, umekula?" Saa saba inalia: "Ile njano iwe iliyoiva au changa?" Saa kumi inalia, hakuna swali, ni mtu tu anataka kusikia mtu anavyopumua. Dada mkubwa wa Penseli, ambaye Penseli aliishi kwake, alikuwa akisikia mdogo wake anacheka chumbani peke yake, anatikisa kichwa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Lakini dada alikuwa na wasiwasi, na alikuwa na haki. Alimjua mdogo wake. Kiguu na njia, ndivyo alivyomwita tangu utotoni. Katika miaka mitatu Penseli alikuwa amefanya kazi sehemu nne. Alichora nembo ya chama cha mabondia, akaondoka. Akachora samaki wa timu ya kuogelea, akaondoka. Watu walidhani anapenda kuondoka. Hawakujua kitu kimoja, na nitakisema wazi maana yeye mwenyewe hakukisema kwa mtu: kila mahali alipoaga, waliomzunguka walimwambia, "Haya, kila la heri." Walimwandalia soda, wakampigia makofi, wakamsindikiza mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kaa. Basi akajifunza kuondoka kabla ya kuanza kulingoja hilo neno.

Sasa kuna jambo la kazi yao ambalo lazima ulijue, maana ndilo lililoleta balaa. Mchoro wa kubandika kwa joto unachapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, na unachapwa kinyume, kama unavyoonekana kwenye kioo. Karatasi ikilazwa kifudifudi juu ya fulana na kubanwa, mchoro unahamia kwenye kitambaa ukiwa sawa. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, lazima mtu augeuze kwenye kompyuta. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Pasi. Siku moja akasahau, skafu thelathini za timu ya kikapu zikatoka na maandishi ya kichina kisichojulikana hata China. Penseli akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema: "Kuanzia leo nitageuza mimi kabla ya kukutumia. Wewe ni kuchapa tu, usiguse." Wakapeana mikono. Miezi minane hapakuwa na kosa.

Ikaja barua pepe.

Ilikuwa siku ya Jumatatu, wiki mbili kabla ya fainali ya timu ya Nyuki. Kampuni kubwa ya mavazi ya michezo, mji wa mbali, safari ya ndege, ilikuwa imeona kazi za Penseli na ilimtaka. Miezi sita ya kuanzia. Jibu litolewe kabla ya saa sita mchana, Jumatatu ile itakayofuata fainali. Penseli aliisoma mara tatu amesimama, mara ya nne anatembea. Kisha akampigia Pasi.

"Umekaa?"

"Nimesimama kwenye mashine. Kuna nini?"

Akamweleza. Upande wa pili mashine ikalia kuonyesha muda umekwisha, na hakuna aliyeinyanyua.

"Pasi?"

"Nipo."

"Sasa unasemaje?"

Wanaume, jamani! Moyo wa Pasi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye viatu. Alitaka kusema usiende. Alitaka kusema chumba hiki bila wewe kitakuwa stoo. Lakini akajiambia: mimi ni nani nimfungie njia? Leo nikimzuia, miaka kumi ijayo atanitazama kwa jicho gani?

"Hiyo ni bahati, mpenzi. Nenda."

"Niende?"

"Eeh. Watu wanaitafuta nafasi kama hiyo. Nenda tu, kila la heri."

Kila la heri. Penseli aliishika simu, akakitazama kioo chake mpaka kikazimika. Pasi alidhani amempa zawadi. Na fulana iliyokuwa chini ya mashine ikaungua.

Tangu siku hiyo Penseli hakutulia kabisa. Alitoa begi chini ya kitanda, akaweka nguo, akazitoa, akaziweka. Usingizi wa mchana, ambao hakuwahi kuupenda, akautafuta na haukuja. Alikwenda karakana, akageuka njiani kabla hajafika, akarudi. Dada akamwuliza, "Unakwenda au huendi?" Akajibu, "Ninafikiria." "Unafikiria kwa miguu?" Na kweli, alikuwa amezunguka meza ya sebuleni mara kumi na mbili.

Katikati ya hayo, klabu ikaagiza fulana mia nne za fainali. Nembo mpya: nyuki amefungua mbawa, na chini yake, kwa herufi kubwa nyeusi, neno moja: TUTAUMA. Katibu wa klabu, mzee mfupi mwenye suti ya kijivu na kifua cha njiwa, ndiye aliyelibuni, na alilipenda kuliko watoto wake.

Penseli alichora kwa siku mbili. Alihamisha herufi, akazirudisha, akabadilisha mbawa, akazirudisha. Alhamisi saa tano akamaliza. Akageuza mchoro, kama walivyokubaliana, akamtumia Pasi. Ujumbe wake ulikuwa na neno moja: "Tayari." Zamani ungekuwa na maneno arobaini, nusu yake matusi ya mapenzi.

Pasi aliusoma ule ujumbe. Tayari tu? Hakuna laazizi, hakuna mzee wa miguu? Akawaza: huyu akili yake imeshapanda ndege. Na mtu ambaye akili imepanda ndege hakumbuki kugeuza. Ningempigia nimwulize? Ataona namsumbua, ataona namlaumu katika siku zake za mwisho. Ngoja nimsaidie kimyakimya. Akabonyeza kitufe cha kugeuza. Mchoro hakuufungua hata kuutazama. Akachapa.

Unaniuliza hakuona? Mtu amebandika fulana mia nne hakuona? Hebu chukua kalamu uandike TUTAUMA kwa herufi kubwa, kisha utazame kwenye kioo. T ni T. U ni U. A ni A. M ni M. Kila herufi imesimama wima, nadhifu, hakuna hata moja iliyopinda kukuamsha. Na yule nyuki asiye na upande, naye yuleyule. Pasi aliona herufi nzuri na nyuki mzuri, na neno alikuwa analijua, na neno unalolijua hulisomi. Alibandika Alhamisi na Ijumaa nzima, anabana, anabandua, anakunja, kichwani mwake ndege inaondoka na kuondoka.

Jumamosi asubuhi, ofisi ya klabu. Maboksi yakafunguliwa. Katibu akatoa fulana ya kwanza kwa heshima zote, akainyoosha kwenye kifua chake cha njiwa, akashusha miwani ili asome neno lake.

"A... mu... a... tut."

"Amuatut," akarudia. "Amuatut ndiye nani? Tumesajili mchezaji na mimi sijaambiwa?"

Penseli akaikwapua ile fulana. Rangi ikamtoka usoni. Pasi akatoa ya pili, ya tatu, ya kumi. Amuatut, Amuatut, Amuatut.

"Mechi ni saa kumi!" Katibu alipiga kelele. "Mashabiki wako nje wanangoja! Nani amefanya hivi?"

"Mimi," akasema Penseli.

"Mimi," akasema Pasi, pamoja naye.

"Kosa ni langu, Katibu. Mchoro ni wangu."

"Usimsikilize. Mashine ni yangu, kosa ni langu."

"Nimesema ni langu!"

"Mnanigombania kosa kama urithi?" Katibu alikuwa anatokwa na jasho. "Tokeni! Tokeni mbele yangu! Hizo fulana zitagawiwa hivyohivyo, siwezi kuwapeleka watu fainali matumbo wazi. Mungu atanisamehe."

Wakatoka mpaka kwenye korido, penye picha za wachezaji wa zamani ukutani. Penseli akawa anatembea huku na huku.

"Mimi niligeuza," akasema. "Nakumbuka. Niligeuza saa tano na dakika kumi. Kwa hiyo mtu mwingine naye aligeuza. Kwa nini, Pasi? Tulikubaliana."

"Nilidhani umesahau."

"Miezi minane nimewahi kusahau?"

"Hapana. Ila safari hii... unajua... una mambo mengi. Safari. Nikasema nikupunguzie."

Penseli akasimama. Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, akasimama kabisa.

"Yaani uliniona nimeshaondoka."

"Sikusema hivyo."

"Uliniona nimeshaondoka, ukaanza kufanya kazi yangu kama mtu anayefanya kazi ya marehemu. Hukuniuliza. Hukufungua mchoro. Ungeutazama mara moja tu ungeona nilichokifanya. Hukuutazama, Pasi! Na mimi hukunitazama. Wiki mbili nazunguka kama mtu aliyekalia siafu, hukuniuliza hata siku moja: wewe, unataka nini?"

"Mimi nilikuwa nataka usijisikie umefungwa."

"Nani alikwambia nataka kufunguliwa?"

Pasi akakosa la kusema, na hapo ndipo alipokosea zaidi. Lau angesema hata upuuzi! Penseli alimngojea. Akahesabu picha tatu ukutani akimngojea. Kisha akashika kamba ya begi lake, akateremka ngazi.

Hakwenda nyumbani. Miguu ilimpeleka uwanjani, maana ndiko umati ulikokuwa unakwenda. Kila mahali aliona kazi yake: vifua mia nne vya njano, nyuki mia nne, na lile neno la ajabu. Mashabiki wa timu pinzani walishaligundua. "Amuatut! Wenzetu wamekuja na lugha yao!" Walicheka, wakapiga mbinja. Penseli alikaa ngazi ya juu kabisa, akasimama, akakaa tena, akajikunyata ndani ya gauni lake.

Dakika ya sabini na kitu, mchezaji wa Nyuki akaanguka kwenye eneo la hatari. Refa akapuliza filimbi, kisha akasita. Akamtazama msaidizi wake. Akarudi nyuma hatua mbili. Uwanja mzima ukangoja. Ndipo mama mmoja mnene, mwenye fulana iliyombana, akaitazama fulana ya jirani yake, akaisoma polepole, akapasua kicheko.

"Jamani! Si imeandikwa AMUA TU! Refa, amua tu!"

"Na hii T ya mwisho?" jirani akauliza.

"Hiyo ya kukazia! Amua tu-t!"

Basi ikashika kama moto wa nyasi. Mia nne, kisha elfu: "Amua tu! Amua tu! Amua tu!" Wanagonga viti, wanaonyesha vifua vyao. Refa maskini akaamua, penalti ikatolewa, na mpigaji akaipeleka juu ya goli mpaka barabarani. Nyuki walifungwa moja bila. Lakini mashabiki wao walitoka uwanjani wanaimba amua tu kama walioshinda, na Katibu, aliyekuwa amejificha chooni nusu ya mechi, alipotoka alipongezwa kwa ubunifu. Akapokea pongezi. Angefanyaje?

Na Penseli juu pale kwenye ngazi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Umati mzima ulikuwa unampigia kelele aamue, na yeye hakuweza. Simu yake ilikuwa imelia mara kumi na moja. Hakuipokea. Angepokea aambiwe nini? Samahani? Samahani hakuitaka. Alitaka neno moja, na hilo halikuwa samahani.

Jumapili simu ililia tena asubuhi, Penseli yuko bafuni. Dada mkubwa akaitazama, akaona jina: Pasi Wangu. Akakaza kanzu yake ya nyumbani, akapokea.

"Penseli, tafadhali, usikate..."

"Siyo Penseli. Ni dada yake."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeharibu fulana mia nne, na sasa unaniharibia mdogo wangu. Jana alikuja hapa macho mekundu. Unampenda au unampigia pasi tu?"

"Nampenda, dada. Wallahi nampenda."

"Umemwambia?"

"Anajua."

"Sikukuuliza kama anajua. Nimekuuliza umemwambia? Umemwambia asiende?"

"Dada, hiyo ni nafasi yake. Mimi nikimwambia asiende, si nitakuwa namkatili?"

"Wewe mwambie kilicho moyoni mwako. Kuamua ataamua yeye, ana kichwa chake. Mwanangu, mficha uchi hazai. Sasa kaa nao huo moyo wako, uukumbatie." Akakata simu. Mlango wa bafuni ukafunguka.

"Nani amepiga?"

"Wrong namba," akasema dada, akarudi jikoni.

Jumatatu ikafika. Saa tano kasorobo Penseli alikuwa sebuleni, gauni la nyumbani la maua, nywele hazijafungwa, hana hata penseli moja. Kompyuta iko wazi mezani. Ameandika jibu la kukubali. Ameandika na jibu la kukataa. Yote mawili yako tayari, na yeye anazunguka meza. Begi liko mlangoni, limejaa nusu.

Hodi ikapigwa, haikungoja karibu.

Pasi aliingia anahema. Alikuwa amevaa shati jeupe, na lile shati, mtu wa pasi, halikuwa limepigwa pasi. Upande mmoja wa kola ulikuwa umekunjika, vifungo vimepishana. Penseli hakuwahi kumwona hivyo, na moyo ukampiga paa.

"Umejibu?" Pasi akauliza.

"Bado saa nzima."

"Basi nisikilize kabla hujajibu. Nimekariri njia nzima na nimesahau yote, kwa hiyo nitasema ovyo." Akavuta pumzi. "Sitaki uende."

Penseli akashika ukingo wa meza.

"Sitaki uende," Pasi akarudia. "Siku ile uliponipigia nilikwambia nenda. Nilisema uongo. Nilitaka nionekane mwanamume mwenye moyo mkubwa. Sina moyo mkubwa, Penseli. Nina moyo wa kawaida, na wewe umeujaza. Kaa. Kaa na mimi. Kazi ni yako, maisha ni yako, ukiona uende utakwenda na mimi nitakubebea begi. Ila usiondoke ukidhani hakuna aliyekutaka hapa. Mimi nakutaka. Kaa."

Jikoni sufuria iliacha kugongwa. Dada alikuwa amesimama na mwiko hewani, anasikiliza bila aibu.

Penseli alivuta kiti. Akakaa. Akakaa kweli, mgongo umeegemea, mikono imelala mapajani, miguu imetulia sakafuni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hilo neno."

"Nikisema tena?"

"Sema."

"Kaa."

Akalia kidogo zaidi. Pasi akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mikono kwa ile yake yenye alama za kuungua.

Baada ya muda Penseli akajifuta uso kwa kiganja. Akaigeukia kompyuta. Alisoma jibu la kwanza, akasoma la pili. Akabonyeza.

"Umetuma lipi?" Pasi akauliza kwa sauti ndogo.

"La kukubali."

Pasi akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa. Lakini mikono hakuiachia, na hilo Penseli aliliona.

"Miezi sita," Penseli akasema. "Siku ile ningekwenda kwa sababu hakuna aliyenizuia. Huko siyo kwenda, mpenzi, ni kukimbia. Leo nakwenda kwa sababu nataka kuiona hiyo kazi. Nataka kujua mashine zao zinafanya nini ambacho ya kwako haifanyi. Umenisikia vizuri?"

"Nimekusikia."

"Safari ni baada ya wiki tatu. Na mimi sitaki kwenda kama mchumba wa simu. Nataka niende nikiwa mke wa mtu."

Mwiko ulianguka jikoni.

Pasi alimtazama. Kisha, kabla woga haujamrudia, akatoa simu mfukoni, bado amepiga magoti, akabonyeza.

"Haloo, mama? Shikamoo, mama. Umekaa? Kaa kwanza... Hapana, hakuna aliyefariki. Mama, naoa... Ndiyo, huyohuyo mwembamba... Wiki tatu... Siyo miezi, mama, wiki... Hapana, hana mimba! Anasafiri kikazi... Ndiyo, tunaoana halafu anasafiri... Sijarogwa, mama... Miezi sita..." Akasikiliza. Akaifunika simu kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama anauliza kama utarudi."

"Mama ndiye anayeuliza?"

Pasi akaiweka simu sakafuni. Sauti ya mama ikaendelea peke yake humo ndani, ndogo, yenye maswali mengi.

"Hapana," akasema. "Ni mimi. Utarudi?"

"Nitarudi," akasema Penseli.